Watalii wa ndani na wa nje jijini: wanatembea tofauti, au tunawahesabu vibaya?

Swali: Shikamoo. Nasomea mipango miji, na utafiti wangu unahusu mienendo ya watalii wa ndani na wa nje katika jiji kubwa. Takwimu za hoteli zinaonyesha wageni kutoka nje ya nchi ndio wengi, lakini nikisimama stesheni au kwenye bustani za umma mwisho wa wiki, naona wa ndani ndio waliojaa. Je, makundi haya mawili yanalitembea jiji kwa njia tofauti kweli, au ni kasoro ya kuhesabu tu? Na kati ya data za simu, kadi za usafiri, picha za mtandaoni na dodoso, nitegemee ipi?

Jibu: Marahaba. Yote mawili ni kweli. Wanatembea tofauti, na pia wanahesabiwa vibaya. Nitaanza na hesabu, maana ukiikosea hapo, kila ramani utakayochora baadaye itapotosha.

Chukua mfano wa kubuni. Katika wiki moja jiji linapokea watalii wa ndani 1,000, kila mmoja analala siku mbili, na watalii wa nje 400, kila mmoja analala siku tano. Ukihesabu waliofika, wa ndani ni asilimia 71. Ukihesabu siku za kulala, kila upande una 2,000, yaani nusu kwa nusu. Sasa tuseme 600 kati ya wale wa ndani wamefikia kwa ndugu na marafiki. Daftari za hoteli zitaonyesha siku 800 za wa ndani dhidi ya 2,000 za wa nje, na sehemu ya wa ndani itaporomoka hadi asilimia 29. Watu ni wale wale na wiki ni ile ile. Kilichobadilika ni mahali aliposimama anayehesabu.

Ndiyo maana unachokiona stesheni hakilingani na unachokisoma kwenye ripoti za hoteli. New York mwaka 2019 ilipokea wageni milioni 66.6, na kati yao waliotoka nje ya Marekani walikuwa milioni 13.5, kama mmoja kwa kila watano. Lakini kwa fedha zilizotumika jijini, hao wachache walibeba karibu nusu. Anayepima kwa pesa anawaona wa nje, na anayepima kwa miguu inayokanyaga barabara anawaona wa ndani. Hali ni hiyo duniani kote: Shirika la Utalii la Umoja wa Mataifa lilikadiria kwamba mwaka 2018 kulikuwa na safari za utalii wa ndani takribani bilioni 9, mara sita ya safari za kuvuka mipaka, ambazo zilikuwa bilioni 1.4. Ofisi nyingi za utalii bado hupanga mambo kana kwamba uwiano huo ni kinyume chake. Hilo linanisumbua, kwa sababu anayesahaulika katika hesabu husahaulika pia katika kupangiwa vyoo vya umma, mabenchi na mabasi ya ziada.

Kabla hujaenda mbali, amua nani unamhesabu. Mapendekezo ya kimataifa ya takwimu za utalii ya mwaka 2008 yanasema mgeni ni mtu aliyetoka nje ya mazingira yake ya kawaida, kwa muda usiofika mwaka mmoja, kwa lengo lolote isipokuwa kuajiriwa na mwajiri wa mahali alipokwenda. Akilala, ni mtalii. Asipolala, ni mgeni wa siku moja. Hawa wa siku moja ndio waliojaa kwenye bustani ulizoziona. Hawapiti kwenye daftari la hoteli wala kwenye dirisha la uhamiaji, na katika miji mingi hawamo kwenye jedwali lolote. Ukiwaacha nje ya utafiti wako, sema wazi kwamba umewaacha. Mimi nisingewaacha.

Sasa tuje kwenye swali lenyewe. Nadhani kosa kubwa ni kuifanya pasi ya kusafiria kuwa sababu. Mtu anayetoka Honolulu, katika jimbo la Hawaii la Marekani, kwenda New York anaruka karibu kilomita 8,000 na kuvuka saa kadhaa za tofauti ya majira, naye huandikwa mtalii wa ndani. Anayetoka Toronto, Kanada, anasafiri chini ya kilomita 600 na huandikwa wa nje. Ukiwafuata mitaani, huenda wa Honolulu ndiye atakayeonekana mgeni zaidi.

Hong Kong inaonyesha jambo hilo vizuri zaidi. Mwaka 2018 ilipokea wageni milioni 65 na ushei, karibu asilimia 78 kutoka China bara, na zaidi ya nusu ya wageni wote hawakulala hata usiku mmoja. Kitakwimu hao wote walivuka mpaka wenye ukaguzi wa hati. Lakini wengi wa wale wa siku moja waliishi Shenzhen, mji ulio ng'ambo tu ya mpaka. Waliingia, wakanunua bidhaa katika mitaa ya karibu na mpaka kama Sheung Shui, wakarudi kwao jioni. Wengine walifanya hivyo mara kwa mara kiasi kwamba Aprili 2015 kibali cha wakazi wa Shenzhen cha kuingia bila ukomo kilibadilishwa kikawa cha mara moja kwa wiki. Watu hawa hawakuwa na haja ya kwenda kwenye kilele cha Victoria kutazama bandari. Ukiwaweka kwenye kapu moja na mtu aliyetoka Ufaransa kwa mara ya kwanza maishani mwake, wastani utakaopata hautamwelezea mmoja wala mwingine.

Kinachoamua mtu atalitembeaje jiji ni mambo manne: amewahi kufika mara ngapi, analala wapi, ana siku ngapi, na yuko na nani. Watalii wa ndani na wa nje hutofautiana mitaani hasa kwa sababu hutofautiana katika hayo manne.

Idadi ya mara alizofika ndiyo yenye nguvu kuliko zote. Bob McKercher, Noam Shoval na wenzao waliwapa wageni wa Hong Kong vifaa vya GPS, na mwaka 2012 wakachapisha ulinganisho wa waliofika kwa mara ya kwanza na wanaorudi. Wa mara ya kwanza walitawanyika jijini wakifuata vivutio vinavyojulikana duniani kote. Waliorudi walikwenda sehemu chache zaidi, wakaelekea kwenye maduka na sehemu za kula. Hii inaeleweka. Wa kwanza anajua jiji kwa orodha ya mambo ya kuona, na anaogopa kuondoka akiwa ameacha kitu. Anayerudi anajua tayari anachokipenda.

Watalii wa ndani wengi ni wa kurudi: wamekuja kwa harusi, kwa hospitali, kwa tamasha, kwa kumtazama mzazi. Kwa hiyo mizunguko yao inaonekana mifupi na yenye vituo vichache. Lakini usiichukue kuwa sheria. Katika nchi kubwa yenye watu wengi, kuna mamilioni ya raia ambao hawajawahi kuuona mji mkuu wao. Jumba la Kifalme la Beijing, lililopokea zaidi ya watu milioni 19 mwaka 2019, limejaa Wachina wenyewe, na mwaka 2015 lililazimika kuweka kikomo cha watu 80,000 kwa siku. Raia huyo wa mara ya kwanza anatembea kama mgeni wa kutoka bara jingine: kivutio kikubwa kwanza, picha, kisha kivutio kinachofuata. Louvre, makumbusho ya Paris, ni kinyume chake. Mwaka 2018 iliingiza watu milioni 10.2, na karibu robo tatu yao walitoka nje ya Ufaransa. Makumbusho yote mawili ni alama za taifa, lakini mchanganyiko wa wageni wao unapishana kabisa. Sababu si kwamba Wachina wanapenda historia kuliko Wafaransa. Inategemea ni raia wangapi ambao bado hawajafika.

Jambo la pili ni mahali pa kulala. Utafiti mwingine wa kundi hilo hilo, uliochapishwa 2011, ulilinganisha wageni wa hoteli zilizoko sehemu mbalimbali za Hong Kong. Sehemu kubwa ya muda wao waliitumia karibu na hoteli zao, na vizuizi vya asili kama mkono wa bahari vilipunguza kuvuka kwenda upande wa pili. Vivutio vichache tu, vile vyenye jina kubwa, viliweza kuwavuta wote bila kujali wamelala wapi. Hebu tafakari maana yake kwa utafiti wako. Watalii wa nje hulala zaidi hotelini, na hoteli zimebanana katikati ya jiji na kwenye njia ya treni ya uwanja wa ndege. Wa ndani waliofikia kwa jamaa wamesambaa kwenye vitongoji vya makazi, kokote jamaa zao wanakoishi. Hivyo ramani ya utalii wa ndani kwa sehemu kubwa inafuata ramani ya makazi ya watu. Mtalii wa ndani anaweza kupita kila siku mahali ambapo hakuna mpangaji yeyote aliyepaita eneo la utalii.

Alan Lew na Bob McKercher waliwahi kuchora aina za mwendo wa mtalii ndani ya mahali alikofikia, katika makala ya mwaka 2006, na michoro yao bado inanisaidia kila ninapotazama data mpya. Kuna anayetoka malazini kwenda sehemu moja na kurudi, kisha anatoka tena kwenda nyingine na kurudi, mpaka mistari yake inafanana na nyota. Kuna anayezunguka, kituo baada ya kituo, na kurudi kwa njia nyingine. Kuna anayeanza na mitaa ya karibu siku ya kwanza, kisha anapanua duara kadiri anavyozoea. Huyu wa tatu anahitaji muda. Mwenye siku moja na nusu hana nafasi ya kuzoea, kwa hiyo hukimbilia vivutio vikuu moja kwa moja.

Hapo ndipo siku za kukaa zinapoingia, na hapo kampeni nyingi za kutawanya watalii huishia. Amsterdam ilijaribu kuwavuta wageni nje ya katikati ya jiji kwa kuinadi Zandvoort kama ufuo wa Amsterdam na ngome ya Muiderslot kama ngome ya Amsterdam. Wazo ni zuri, lakini kwa maoni yangu ujumbe wa namna hiyo unamfaa anayerudi na mwenye siku nyingi. Mwenye siku mbili, aliyevuka bahari, hataacha alichokiota utotoni ili aende kilomita 25 kuona kitu ambacho hakuwahi kukisikia. Kama utafiti wako utatoa mapendekezo, angalia kwanza ni wangapi walio na muda wa kuyafuata.

Kuhusu nani yuko na nani nitasema kidogo. Familia yenye watoto wadogo hutembea polepole na kuacha mapema. Kikundi cha kifurushi hakiamui chenyewe: njia yake imepangwa na kampuni, na inategemea basi linaruhusiwa kuegesha wapi na kwa dakika ngapi. Ukiona wingu zito la wageni wa nje mahali pamoja saa ile ile kila siku, tafuta maegesho ya mabasi kabla hujatafuta maelezo ya utamaduni wao.

Baada ya hayo manne, tofauti iliyobaki kubwa ni ya majira. Watalii wa ndani wanafuata kalenda ile ile ya wenyeji wa jiji: mwisho wa wiki, likizo za shule, sikukuu za taifa. China ilianzisha wiki ndefu za sikukuu mwaka 1999, na mpaka leo siku za mwanzo wa Oktoba huhamisha mamia ya mamilioni ya watu. Japani ina vilele vyake vitatu: mwaka mpya, mwisho wa Aprili hadi mwanzo wa Mei, na katikati ya Agosti. Wageni wa nje hufuata likizo za kwao na bei za ndege, kwa hiyo wamesambaa zaidi katika siku za kazi. Matokeo yake ni kwamba mtalii wa ndani anaongeza mzigo pale pale jiji lilipoelemewa, wakati wenyeji nao wako mapumzikoni, na mtalii wa nje anajaza Jumanne na Jumatano. Wastani wa mwezi unafuta jambo hili lote. Tumia saa na siku, kamwe usiishie kwenye mwezi.

Njia za kuingilia pia zinapishana. Wa nje huingia kwa milango michache: uwanja wa ndege, stesheni kuu, pengine bandari. Wa ndani huingia kila upande, kwa magari yao, kwa mabasi ya mikoani, kwa treni za vitongoji, na wengi huja na gari ambalo litahitaji maegesho. Ndani ya jiji, mgeni asiyejua lugha hupendelea reli, kwa sababu mstari una rangi, vituo vina majina na treni haiwezi kukata kona asiyoitarajia. Basi lilikuwa la wenyeji. Simu zimeanza kuubomoa ukuta huo. Barcelona, mabasi madogo ya njia 116 yanayopanda kuelekea Park Güell yalijaa watalii mpaka wakazi wa mtaa, wengi wao wazee, wakashindwa kupanda. Mwaka 2024 jiji lilihakikisha njia hiyo imeondolewa kwenye Google Maps, na wakazi wakapata tena nafasi ya kukaa. Mtaalamu wa mwendo wa watalii asiyechunguza ramani za simu zinampendekezea nini mgeni atakuwa amekosa sababu iliyo wazi kuliko zote.

Tiketi nazo zinaelekeza miguu. Japan Rail Pass, tiketi ya siku kadhaa ya treni za kampuni za JR nchini Japani, inauzwa hasa kwa wageni wa muda mfupi kutoka nje. Mwenye nayo akiwa Tokyo anapanda mstari wa Yamanote bila kulipa zaidi, lakini treni za chini ya ardhi haziwahusu wenye pasi hiyo. Basi ni kawaida avutwe kwenye stesheni za kampuni moja hata pale stesheni ya kampuni nyingine ilipo karibu zaidi. Oktoba 2023 bei ya pasi ya siku saba ilipandishwa kwa karibu asilimia 69. Mtu anayelinganisha mienendo ya kabla na baada ya tarehe hiyo bila kuitaja atasema wageni wamebadilika tabia, kumbe kilichobadilika ni bei.

Venice imefanya jambo ambalo ningependa ulitazame kwa makini. Tangu tarehe 25 Aprili 2024, kwa siku zilizoteuliwa, inamtoza ada mgeni wa siku moja. Anayelala mjini hatozwi, maana amekwisha kulipa kodi ya malazi, na mkazi wa mkoa wa Veneto hatozwi pia. Jiji halikugawa watu kwa raia na wageni. Liligawa kwa swali la wapi umelala jana na wapi unaishi. Mwitaliano wa kutoka Milano anayekuja asubuhi na kurudi jioni analipa sawa na Mjerumani. Kama mgawanyo huo unaifaa serikali ya mji uliolemewa na wageni, unaweza kuufaa utafiti wako pia.

Sasa data. Hakuna chanzo kimoja kitakachokutosha, na kila kimoja kinakosea kwa upande wake.

Data za minara ya simu ndizo pana kuliko zote. Rein Ahas na wenzake wa Chuo Kikuu cha Tartu, Estonia, walikuwa miongoni mwa waanzilishi. Mwaka 2008 walichapisha tathmini ya namna data za romingi, yaani za laini za kigeni zinazotumia mtandao wa nchi iliyofikiwa, zinavyoweza kutumika katika takwimu za utalii. Uzuri wa romingi ni kwamba laini yenyewe inataja nchi ilikotoka. Ubaya ni kwamba mgeni wa nje anayenunua laini ya nchi aliyofikia anageuka kuwa raia machoni pa mnara, na hao wa kununua laini ndio wenye kukaa muda mrefu. Kwa wa ndani kazi ni ngumu zaidi: hakuna kinachosema mtu huyu si mkazi. Inabidi ukisie makazi yake kwa kutazama simu inalala chini ya mnara gani kwa wiki kadhaa, kisha umwite mgeni anapolala mbali na hapo. Mwanafunzi wa bweni na mfanyakazi mwenye nyumba mbili watakuchanganya. Na mnara hauoni chumba: katikati ya jiji unakosea kwa mamia ya mita, pembezoni kwa kilomita. Hauwezi kukuambia kama mtu alikuwa ndani ya makumbusho au kwenye mkahawa wa mlango wa pili.

Kadi za usafiri zina usahihi wa kituo na dakika, lakini nyingi hazijui mwenyewe ni nani. Mifumo inayokubali kadi za benki moja kwa moja, kama treni za chini ya ardhi za London tangu 2014, inatoa fununu nzuri kwa sababu kadi ina alama ya nchi ilikotolewa. Kumbuka lakini kwamba kwenye mabasi ya London abiria hugusa kadi anapopanda tu. Aliposhukia lazima upakisie.

Picha za mtandaoni zina mvuto mkubwa kwa sababu hupatikana kwa urahisi. Mwaka 2010 Eric Fischer alichora ramani za majiji mengi kwa kutumia picha za Flickr, rangi ya buluu kwa wenyeji na nyekundu kwa watalii. Kanuni yake ilikuwa rahisi: aliyepiga picha katika jiji lile kwa kipindi cha mwezi au zaidi ni mwenyeji, na anayeonekana kuwa mwenyeji wa jiji lingine na kupiga hapa kwa chini ya mwezi ni mtalii. Ramani zile zilifungua macho ya wengi. Lakini watu hupiga picha ya kinachowashangaza, na aliyekuja mara ya kumi hashangai tena. Kwa hiyo picha zinamwongezea uzito mgeni wa mara ya kwanza na kumfuta kabisa shangazi aliyekuja kuuguza. Zitumie kujua wapi panatazamwa, usizitumie kujua wangapi wapo.

Dodoso ni la zamani na la gharama, na bado ndilo pekee litakalokupa yale mambo manne. Uliza umefika mara ngapi, umelala wapi usiku uliopita, unakaa siku ngapi, uko na nani. Kisha uliza maswali mawili yanayojenga ramani: umetoka wapi sasa hivi, na unaelekea wapi ukitoka hapa. Usimwulize mtu akueleze siku nzima ya jana, atakupa majina ya vivutio na kusahau mitaa aliyopita.

Kuna mtego hapa unaowanasa hata watafiti wazoefu. Ukisimama kwenye milango ya vivutio, mtu anayetembelea vivutio vitano ana nafasi mara tano ya kukutana nawe kuliko anayetembelea kimoja. Sampuli yako itajaa watu wa mizunguko mirefu, wengi wao wa nje na wa mara ya kwanza, na utaandika kwamba watalii wanatembea sana. Dawa ni mbili. Moja, hoji pia kwenye milango ya kutokea: stesheni, stendi za mabasi, maegesho, sebule za uwanja wa ndege. Mbili, kwa waliohojiwa kwenye vivutio, waulize wametembelea au watatembelea vingapi kati ya vile ulivyosimamia, kisha kila jibu lipe uzito wa moja gawanya kwa idadi hiyo. Vivyo hivyo kwa siku za kukaa: anayekaa siku sita anaonekana mitaani mara nyingi kuliko anayekaa moja, na lazima urekebishe kama unataka kusema juu ya wageni badala ya juu ya siku za wageni.

Kwa mpangilio, ningeanza na dodoso dogo lililofanywa vizuri, siku za kazi na mwisho wa wiki, kisha nitumie data za simu kulikuza hadi ukubwa wa jiji zima. Kadi za usafiri zingenipa njia, na picha zingekuwa nyongeza tu. Ukipata data za simu, dai ziwe zimejumlishwa kabla hazijakufikia, na makundi madogo yafutwe. Utafiti wa Yves-Alexandre de Montjoye na wenzake wa mwaka 2013, uliotumia data za watu milioni 1.5, ulionyesha kwamba nukta nne tu za mahali na wakati zinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote kwa asilimia 95 ya watu. Kuondoa majina peke yake si kinga.

Vipimo vya mwendo vipo vingi, lakini vitatu vitakutosha. Cha kwanza ni upana wa mwendo: tafuta kitovu cha nukta zote za mtu, pima umbali wa kila nukta kutoka kitovu, uzidishe kwa wenyewe, tafuta wastani, kisha chukua kipeuo chake cha pili. Marta González, César Hidalgo na Albert-László Barabási walitumia kipimo hiki mwaka 2008 kwa watumiaji 100,000 wa simu, na wakaonyesha kwamba wengi hubaki katika eneo dogo huku wachache wakienda mbali sana. Kwa sababu hiyo toa thamani ya kati, usitoe wastani, maana wachache wa mbali wataupandisha. Cha pili ni sehemu ya muda iliyotumika ndani ya kilomita moja kutoka mahali pa kulala. Cha tatu ni jedwali la mpito, linaloonyesha kati ya waliokuwa mahali A ni wangapi walikwenda B na wangapi C.

Kisha fanya ulinganisho ambao ndio roho ya kazi yako. Linganisha kwanza wa ndani wote na wa nje wote, uandike pengo. Halafu linganisha wanaofanana: wa mara ya kwanza, waliolala hotelini katikati ya jiji, wenye siku mbili au tatu, walio wawili wawili, wa ndani kwa wa nje. Natarajia pengo litapungua sana. Litakalobaki ndilo linalotokana na ugeni wenyewe, na hilo lichunguze kwa vitu vinavyoonekana: lugha ya mabango, upatikanaji wa tiketi, njia za malipo. China ilionekana wazi kwenye hilo la mwisho. Biashara nyingi zilikuwa zimehamia kwenye malipo ya simu, na mgeni asiye na akaunti ya benki ya huko alibanwa, hadi mwaka 2023 Alipay na WeChat Pay zilipofungua zaidi matumizi ya kadi za benki za nje.

Kama muda wako wa utafiti ni mfupi na utaweza ulinganisho mmoja tu, chagua wa mara ya kwanza dhidi ya wanaorudi, na ndani ya kila kundi tenganisha wa ndani na wa nje. Hayo ni makundi manne. Kwa kila moja hakikisha una watu wasiopungua mia moja na kitu, waliohojiwa siku za kazi na mwisho wa wiki, na uanze na kundi lililo gumu kulipata, yaani raia anayefika jijini kwa mara ya kwanza. Utamkuta kwenye stendi za mabasi ya mikoani asubuhi na mapema.